Shangazi Anakuja kwa Maji

6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Na mkwe wangu hajambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto lina maneno yake kila asubuhi. Nalisikiliza, kisha naendelea na safari zangu.

Basi nimestaafu. Wenzangu wa chumba cha pasi wamenipa saa ya ukutani, kana kwamba miaka yote ile sikutazama saa ya kutosha. Unakikumbuka kile chumba, juu kabisa ya hospitali, mvuke umejaa na mashuka yanakuja tu. Kaka yangu alipofariki nikakuchukua wewe na kibegi chako, ukawa unatoka shule unakuja kulala juu ya rundo la taulo. Mimi napiga pasi natazama dirishani. Mto uko chini yetu, huo huo unaoshuka mpaka mji wenu. Kulikuwa na mwanamke akipita asubuhi kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kasia lina bapa huku na huku. Hana kelele, hana haraka. Namkodolea macho mpaka msimamizi aseme, "Mama, shuka linaungua!"

Sasa sina shuka la kuunguza. Nataka kayaki.

Usicheke. Jirani wa chini amekwisha kucheka kwa niaba yenu wote. Kuogelea najua, wewe mwenyewe nilikufundisha. Shida ni kwamba gari sina, naishi ghorofa ya tatu, na ngazi zetu ndizo zile zilizokataa kochi. Wewe hapo saluni unakutana na watu wa kila namna. Niulizie: ipo kayaki ambayo mtu wa umri wangu anaweza kuibeba peke yake mpaka majini?

Ni mimi Shangazi yako

17 Februari

Shangazi yangu, shikamoo,

Goti lisikilize vizuri, usilijibu ovyo. Huku sisi wazima, mkweo anakusalimu.

Kusema kweli niliogopa. Nilikuandikia barua nyingine kwanza, nikikusihi upande maua kwenye makopo. Nikaichana. Tangu lini wewe na makopo?

Nimeuliza. Mteja wangu mmoja hufundisha watu kupiga kasia, akanieleza huku nimemjaza povu kichwani. Kayaki ya plastiki ngumu ndiyo yenye mwendo, lakini inataka paa la gari na banda la kuilaza. Hiyo isahau. Kuna ya kukunja, kama boksi kubwa linalokunjuliwa likawa mtumbwi. Inakwenda imenyooka, ila vifungo vyake vinataka vidole vyenye nguvu. Halafu kuna ya kujaza upepo kwa pampu, ukimaliza unaikunja kama godoro. Hiyo upepo unaichezea, na usipoikausha inanuka kama soksi. Amesema usinunue yale maboya ya watoto yanayojiita kayaki. Tafuta yenye kitambaa kigumu nje, na pezi chini la kuizuia isizunguke. Na jaketi la kuelea, Shangazi, hilo hatujadiliani.

Tena akasema: usilipe kabla hujaibeba.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea vizuri nyote wawili. Mimi mzima, na ninayo!

Muuzaji, bwana mmoja wa ndevu nzuri, alinipeleka moja kwa moja kwenye ile ngumu, ndefu kama jeneza la twiga. "Gari lako lina reli juu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Gari langu ni hili," nikamwonyesha viatu. Hakucheka, na kwa hilo nimemheshimu. Alitoa zote akazipanga sakafuni.

Ya kukunja nilivutiwa nayo sana, jamani. Mikunjo yake imenyooka kama shati la daktari mkuu. Lakini kile kifungo cha mwisho kilikidai kidole gumba changu, na hiki kidole kimeshalipa madeni yake kwenye pasi. Nikaiaga. Ile ya upepo nikaiweka mgongoni, nikapanda ngazi za duka mpaka ofisi ya mhasibu, nikamwamkia, nikashuka. Nikapanda tena. Mara ya pili mhasibu alinipigia makofi. Nikanunua hiyo, na kitoroli cha magurudumu mawili kwa njia iliyo tambarare.

Sebuleni nilisogeza meza nikaijaza upepo. Jirani akaja kuuliza ni nini kinachopumua. Akanikuta nimekaa ndani yake nakunywa chai.

Siku ya kwanza dereva wa basi alinikatalia. "Mzigo gani huo?" Nikasema mtumbwi. Akafunga mlango. Nikatembea hadi stesheni nikikokota, maana treni ina behewa la baiskeli, na katika behewa la baiskeli mtumbwi ni mgeni wa kawaida tu. Stesheni ya pili unashuka, unavuka barabara, maji haya hapa.

Nilipojisukuma kutoka ukingoni, mwanangu, sikupiga kasia kwanza. Nilikaa tu. Maji yalikuwa yananibeba na mimi sikuwa nimebeba kitu. Sijui kama umewahi kukaa bila kubeba kitu. Nilikuwa sijawahi.

Sasa inaning'inia bafuni inakauka. Kuoga naoga jikoni.

Shangazi yako, nahodha

21 Machi

Shikamoo nahodha,

Nimekusoma mbele ya saluni nzima. Yule mwalimu wa kasia amesema angekuwa na wanafunzi kumi kama wewe angefunga shule kwa raha, maana asingekuwa na la kufundisha. Wateja wananiuliza kila siku, "Shangazi amefika wapi?"

Mimi nipo. Kazi nyingi.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nimeungua pua kwa jua, vinginevyo mzima.

Nina habari. Wiki mbili zilizopita nilitoka kama kawaida, upepo ukanisukuma kuelekea chini. Nikageuka, nikapiga kasia mpaka mabega yakaomba talaka, na ule mti wa ukingoni ukawa pale pale, haujasogea hata kidogo. Nikaogopa, sikufichi. Moyo ulikuwa unagonga jaketi. Nikajiambia: bibi, unashindana na nani? Nikageuza pua, nikaacha mto unipeleke.

Nilitokea chini ya daraja la reli, mbali. Nikaitoa kayaki, nikaifuta, nikaitoa upepo, nikaikunja. Nikapanda treni. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa jikoni kwangu.

Umeelewa? Wenye magari lazima warudi walikoacha magari yao. Mimi nyuma sikuacha kitu. Jumamosi iliyofuata nikapanda treni mpaka daraja lile lile, nikaanzia nilipoishia. Na juzi tena. Pale penye ukuta wa kuzuia maji nilishuka, nikaibeba mgongoni nikapita pembeni, nikaitia majini upande wa pili, nikaendelea kama mtu aliyevuka kizingiti cha nyumba yake. Mvuvi mmoja alivua kofia.

Reli inafuata mto njia nzima. Na mto unakuja kwenu.

Jingine. Barua iliyopita ilikuwa fupi, na mkwe hakunisalimu. Sikuulizi. Nasema tu nimeona.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi, shikamoo,

Natumaini pua imepona. Nimechelewa kukujibu, nawe unajua mimi sichelewi.

Mume wangu ameondoka. Ameondoka tangu mwezi wa pili, siku chache baada ya barua yangu ya kwanza. Hakukuwa na ugomvi wa kusimulia. Alisema amechoka, akachukua nguo zake, akaacha na ufunguo mezani. Nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe. Nalala chumba cha nyuma ya saluni, kati ya makopo ya dawa za nywele.

Sikukuambia kwa sababu kila barua yako ilikuwa na furaha, na nilikuwa naihitaji ile furaha vile vile ilivyo. Wateja wakiondoka nazitoa nazisoma tena. Ile ya kukaa bila kubeba kitu imechakaa kwenye mikunjo.

Tafadhali usije. Chumba hakina hata pa kuweka kiti. Nikitulia nitakuja mwenyewe.

Mwanao

16 Juni

Mwanangu,

Pole. Pole ya karatasi ni nyepesi, kwa hiyo nyingine nitaileta mwenyewe.

Umesema hakuna pa kuweka kiti. Kiti changu kinajazwa upepo.

Vipande vilivyobaki ni viwili. Cha kwanza nitakimaliza Jumamosi hii. Jumamosi inayofuata, Mungu akipenda na upepo ukiwa na adabu, nitafika kwenye ngazi za kushukia majini karibu na soko lenu, kabla jua halijawa kali. Mto ukikataa, nitashuka nipande treni, nitafika nikiwa nimechelewa na nina hasira. Kwa vyovyote nitafika.

Njoo na taulo kavu. Usikodi gari.

Shangazi yako

8 Julai

Shangazi yangu, shikamoo,

Natumaini ulifika salama na lile behewa la baiskeli lilikupokea. Mimi sijambo. Ni kweli sijambo, siyo kuandika tu.

Umesahau kofia yako. Nimeivaa kazini, wateja wameipenda. Chumba umekiacha kikiwa kikubwa zaidi, sijui uliyapangaje yale makopo. Mwenye nyumba wa jirani ana chumba chenye dirisha, nimekwenda kukiona kama ulivyoniamuru, na nitahamia mwisho wa mwezi. Mabega yananiuma tangu uliponiketisha kwenye ile kayaki ukasimama ukingoni ukipiga kelele, "Usipigane na maji! Kaa!" Soko zima lilinisikia nikifundishwa. Nilikaa, Shangazi. Nimeelewa ulichokuwa unasema.

Lakini kuna kitu sikukuambia ulipokuwa hapa, maana ulipofika tulianza kulia na baadaye tukaanza kula, na nafasi ikapita.

Wewe unadhani nilikungoja kwenye ngazi. Sivyo. Nilifika mapema mno, nikashindwa kutulia, nikapanda daraja la jirani na soko. Nikakuona ukitokea kwenye kona. Mwanzo sikujua ni wewe. Niliona mtu mdogo sana katika maji mapana sana, amevaa jaketi la rangi ya chungwa, kasia linaingia na kutoka, huku na huku, bila haraka. Ndipo nikaona unavyoinamisha kichwa kushoto, kama unavyofanya ukipiga pasi kola.

Nyuma yako ikaja boti ya kubeba mchanga, ile kubwa, inasukuma mawimbi. Nilishika chuma cha daraja kwa mikono yote miwili. Nilitaka kupiga kelele. Wewe ulitazama nyuma mara moja. Ukaigeuza pua kuyaelekea mawimbi, ukaweka kasia magotini, ukasubiri. Wimbi la kwanza likakuinua. La pili. La tatu likakushusha taratibu, ukatikisa maji mkononi, ukageuka tena, ukaendelea na safari.

Kando yangu alisimama mama mmoja na kapu la mboga. Akasema, "Mtazame yule! Ni nani?"

Ningeweza kukuita. Ulikuwa umeshakaribia, ungenisikia. Lakini maisha yangu yote wewe ndiye uliyekuwa unanitazama mimi, shuleni, kitandani nikiumwa, siku ya harusi. Nikasema nisikuite kwanza. Nikabaki pale juu nikakutazama ukipita chini ya daraja, nikakimbilia upande wa pili nikutazame ukitokea.

Mwanao