Mwani wa Mjaka Umekatwa

Mkunazini, Unguja
9 Julai 1971

Mpendwa ndugu yangu Mjaka,

Assalaam aleikum. Wengine huuliza hali kwa desturi, kisha wakaendelea na yao. Mimi nakuuliza kwa sababu sijui: u hai? U mzima? Kifua kinakubana bado nyakati za baridi? Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, na mimi ni yuleyule, mwingi wa maneno na mchache wa subira.

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu uondoke, na barua hii ni ya nne. Tatu za mwanzo nilizituma kwenye anwani ya Mombasa uliyoniachia; hazikujibiwa wala hazikurudi. Hii anaichukua Matar, mtoto wa jirani yetu Bi Mwanaasha, ambaye amepata ruhusa ya kwenda kutibiwa macho huko. Ameahidi kukuulizia kwa kila Muunguja atakayekutana naye.

Mji ni ule ule. Mchele ni wa foleni, na majumba ya Michenzani yanazidi kurefuka.

Sasa nikupe habari ya sanduku lako la kioo la samaki, na usikasirike mpaka umalize kusoma. Wale vitatange watano uliotuachia, wanne wamekufa.

Hawakufa kwa kusahauliwa. Mama aliwalisha vikamba vya duvi asubuhi, mchana na jioni, kama wageni wa harusi. Nilimwambia kinachobaki kinaoza majini, akasema mwanawe hakuwaacha samaki wake wafe njaa. Uchafu ukazidi. Lakini ule mwani wenye punje kama zabibu, uliouleta kutoka Mkokotoni umeuviringa kwenye kanga mbichi, ukawa unaunywa uchafu wote na kunenepa, na maji yakabaki safi. Nayakumbuka mafunzo yako: kila Ijumaa ya pili nikate konzi moja nikatupe, kwa kuwa uchafu umo ndani ya mwani, na asiyeutoa mwani hajatoa kitu.

Ijumaa ilipofika nikaenda na mkasi. Mama akanishika mkono. Unamjua na mila zake: msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane kafika, usije ukamfagia na yeye. Chumba chako alikwisha kukifunga, na ufagio ameuweka mvunguni mwa kitanda chake.

"Kitu cha mtu alo njiani hakitolewi nje," alisema. "Barua ikija utakata upendavyo."

Nikacheka, nikarudisha mkasi. Nilidhani barua ingefika kabla ya wiki mbili.

Mwani ukajaa sanduku zima, hata samaki wakakosa pa kugeukia. Wa chini ukakosa mwanga. Mwezi wa Mei, asubuhi moja, tuliukuta umegeuka mweupe, na uchafu wa mwaka mzima umeutapika majini. Maji yakawa kama tui lililochacha. Wawili walikufa siku ile, wawili kabla ya wiki kwisha. Nilibeba maji mapya kutoka pwani, ndoo baada ya ndoo, na nikamsema Mama kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Naona haya kuyaandika. Aliketi mbele ya kioo akimtazama yule aliyebaki, yule mwenye pezi lililokatika.

Kulikuwa na vitawi vichache vya mwani vilivyobaki kijani. Vikaanza kukua tena, kwa pupa, na mwisho wa Juni sanduku likawa limejaa. Sikugusa. Nilikuwa nimechoka kugombana.

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya alasiri, Mama aliniita. Nikaitika naam. Nilimkuta ameshika mkasi.

"Kazija, kata."

Nikamuuliza kama kuna barua iliyokuja.

"Hakuna. Kata, mwanangu, huyu mmoja naye asife."

Nikakata konzi tatu. Alizibeba mwenyewe kwenye bakuli akaenda kuzimwaga nje. Kisha akautoa ufagio mvunguni, akafungua chumba chako, akakifagia pembe kwa pembe, na vumbi akalizoa kwa mikono yake. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Tangu siku ile maji yamesafika. Samaki anakula, na kila anayeingia anasifu. Mimi siyapendi maji yale, Mjaka, kwa kuwa najua yamesafika kwa sababu Mama ameacha kukungoja.

Sikuombi kitu ila mstari mmoja. Uandike kwa herufi za Kiarabu, ausome mwenyewe. Nikimsomea mimi atadhani nimetunga.

Bi Mwanaasha anakusalimu, na Mjomba Jecha, na Hasan uliyekuwa ukizamia naye. Mama hakutuma salamu. Sikumwambia kuwa naandika.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ulipo, nchi kavu au majini, na akupe watu wa kukuita kwa jina lako. Mwani nitaendelea kuukata. Lakini ufagio nimeuchukua mimi, uko mvunguni mwa kitanda changu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kazija