Ukuta Ubaki Mkono wa Kuume

Thimphu, 3 Septemba 2010

Apa, baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua hii ikukute mzima, na goti lako lisiwe limeanza kukuonya juu ya baridi kabla ya wakati wake. Mimi ni mzima; kikohozi cha wakati wa mvua kimeniacha.

Najua ni miaka miwili sijakuandikia, tangu ibada ya siku ya arobaini na tisa baada ya Ama kufariki, ambayo sikuhudhuria kwa kuwa nilikuwa India nikishindana. Sitajitetea hapa. Nakuandikia kwa jambo la kazi, na nakuandikia kwa sababu ulikwisha kusema kwamba simu ni ya kuarifu mtu kuwa umefika, si ya kuamulia mambo.

Kampuni inayoniajiri imenikabidhi kuchora njia ya mashindano ya baiskeli za milimani, Jumamosi ya tarehe 9 Oktoba. Tutaanza malisho ya juu, tuvuke vilima vya nyasi, tuingie msitu wa misonobari, kisha tushuke kwa njia ya zamani hadi uwanja wa kasri la kale hapo Domzor. Mimi mwenyewe nitashindana. Mshindi atapelekwa kwenye mashindano ya Asia, nami nina umri wa miaka thelathini na moja. Nafasi nyingine haitakuja.

Njia ile uliipima wewe kabla ya kustaafu. Naomba uitazame ramani niliyoiambatisha, unisahihishe.

Mwanao,
Yangdon


Domzor, 11 Septemba 2010

Kwa mwanangu Yangdon,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi, ikiwa imelowa samli kidogo. Mimi sijambo. Goti haliumi ila likipanda. Ng'ombe mweupe amezaa. Ap Nob, jirani yetu, anakusalimu; nilipomweleza habari zako aliuliza, "Binti anashuka mlima juu ya magurudumu mawili? Kwani farasi wamekwisha?"

Ramani yako ni safi. Vimo viwili ulivikosea, nimevirekebisha kwa penseli. Kosa la tatu si la penseli.

Katikati ya msitu, njia inapogawanyika kuuzunguka ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, umechora mstari upande wa magharibi. Unajua tangu utotoni kwamba ukuta ule hupitwa ukiwa mkono wa kuume. Sikuandikii kuhusu dhambi; hilo waachie watawa. Nakuandikia kuhusu mwendo wa watu. Anayeshuka akiuweka ukuta kuume, hupita mashariki. Anayepanda akiuweka kuume, hupita magharibi. Kwa hiyo wapandao na washukao hawakutani kamwe, na katika miaka yote ya ukuta ule hakuna aliyegongwa na mzigo wa kuni wala pembe ya dume. Wewe unawateremsha watu kwenye njia ya wapandao.

Nimekwenda kupima. Kutoka kona ya mwisho hadi mgawanyiko ni hatua ishirini na mbili, takriban mita kumi na sita. Niandikie mnashuka kwa kasi gani.

Apa wako


Thimphu, 20 Septemba 2010

Apa mpendwa,

Nashukuru kwa masahihisho, na nafurahi kusikia habari za ndama. Huku tu wazima, ingawa siku zetu zimebanana.

Pale tunashuka kwa kilomita thelathini na tano kwa saa. Najua utakachofanya na tarakimu hiyo.

Hoja yako nimemfikishia Kuenga, mkubwa wangu, bila kuipunguza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ukuta hauna haraka, dada. Sisi tunayo." Upande wa mashariki una mizizi na ngazi za mawe, unampotezea mshindani sekunde tisa, na wapiga picha wameshapangiwa kusimama chini ya upande wa magharibi. Nilisisitiza. Aliniuliza kama nataka kuchora njia au kufundisha dini, akaongeza kwamba wapo wengine wawili wanaoitaka kazi yangu.

Basi tumefanya hivi: siku hiyo njia itafungwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano. Upande wa mashariki utazibwa kwa utepe mwekundu, na mshindani atakayeukata ataondolewa. Tangazo limekwisha kupelekwa kwa mkuu wa kijiji. Hakutakuwa na mtu anayepanda, kwa hiyo hakutakuwa na wa kukutana naye.

Mwanao,
Yangdon


Domzor, 28 Septemba 2010

Kwa mwanangu Yangdon,

Salamu. Afya ni ileile. Tumevuna ngano nyeusi, na mapera ya mlimani yamekomaa.

Sekunde moja na sita ya kumi. Huo ndio muda ulio nao kutoka kona hadi mgawanyiko.

Tangazo limesomwa. Watu wamelikubali, na Ap Nob amesema atafunga ng'ombe wake ili wasije wakatwaa kombe. Mimi sikulikubali. Jiwe lenye jina la mama yako liko kwenye ukuta ule, upande wa magharibi, mstari wa tatu kutoka chini. Hulijui kwa sababu liliwekwa siku ya arobaini na tisa. Kila siku tangu hapo nimepanda saa mbili asubuhi, baada ya kukamua, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Ukuta haufungwi.

Tarehe 9 nitapanda saa mbili, kwa upande wangu.

Apa wako


Thimphu, 4 Oktoba 2010

Apa,

Nimepiga simu mara nne na hukupokea. Sina nafasi ya kuuliza hali.

Wa kwanza wetu atafika ukutani kati ya saa mbili na saa mbili na robo. Nakuomba upande saa kumi na mbili, au saa sita. Siku moja tu. Mkuu wa kijiji hathubutu kukuzuia. Ameniambia hivyo mwenyewe. Nikimweleza Kuenga, atakuja na polisi, nami sitaki polisi wakuguse.

Nijibu kwa dereva huyuhuyu. Anarudi Jumatano.

Yangdon


Domzor, 10 Oktoba 2010

Kwa mwanangu Yangdon,

Natumaini umefika Thimphu salama. Niliposhuka jana gari lenu lilikuwa limekwisha kuondoka, ndiyo maana naandika.

Dereva alirudi mikono mitupu kwa sababu jibu langu ulikuwa nalo tayari.

Niliondoka nyumbani saa mbili kasoro dakika ishirini. Walinzi wa njia walikuwa wawili. Mmoja nilimfundisha kushika kamba ya kupimia, akatazama pembeni. Saa mbili na dakika sita nilikuwa magharibi ya ukuta, mbele ya jiwe la mama yako. Nikasikia breki juu ya kona. Sikusogea. Nikasikia utepe ukikatika, na magurudumu yakigonga ngazi za mashariki, na mtu akihema upande wa pili wa mawe, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Nilikujua kwa mhemo ule. Ulihema hivyohivyo ulipokuwa ukipanda nami kushika kamba.

Waliobaki walifuata gurudumu lako. Wote walipita mashariki.

Mengine amenihadithia Ap Nob. Kwanza mwamuzi alitaka kuwaondoa wote, naye Ap Nob akamwuliza, "Kombe mtampa nani basi, ukuta?" Ndipo wakaamua kwamba waliofuata hawakukata utepe, kwa kuwa haukuwapo tena. Aliyekata ni mmoja. Najua maana yake kwa safari ya Asia.

Mkono wako umekumbuka. Hilo limenipa faraja kubwa.

Apa wako


Thimphu, 19 Oktoba 2010

Apa,

Nakuamkia. Mimi ni mzima, na nataka uanze kwa kulitafakari hilo: kwamba mimi ni mzima, na wewe ni mzima.

Sikukuona. Sikukusikia. Juu malishoni nilijiambia kuwa Apa ni mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu atabaki nyumbani. Nilikuwa nimeamua kupita magharibi. Nilitoka kwenye kona, ukuta ukanijia, na mikono ikageuza usukani yenyewe, kama ilivyozoea tangu Ama alipokuwa akinibeba mgongoni. Utepe niliutambua uliponipiga kifuani. Kwamba ulikuwa pale nilikuja kuambiwa na mlinzi, kwenye uwanja wa kasri, mbele ya watu.

Unaandika kuhusu faraja. Ulipima hatua, ukaniuliza kasi, ukapata sekunde moja na sita ya kumi, kisha ukaingia humo kwa miguu yako. Ungekufa. Ningekuua mimi, mbele ya jina la Ama. Ulitaka kujua nini ambacho hukuweza kuniuliza kwa barua?

Nafasi yangu ya Asia amepewa mwingine, na hilo nitalizoea. Lakini ukitaka kunipima tena, usitumie mwili wako.

Yangdon


Domzor, 14 Novemba 2010

Kwa mwanangu Yangdon,

Salamu. Goti linauma sasa hata nisipopanda. Ndama anakula nyasi.

Barua yako nimekaa nayo siku ishirini na mbili. Nilianza kukujibu mara tatu, na kila mara nilikuta najitetea kwa tarakimu.

Nilikuandikia kwamba nilipanda kwa kuwa ukuta haufungwi. Haikuwa kweli yote. Hukuja siku ya arobaini na tisa, nami nilitaka kujua kama bado kuna kitu kwetu ambacho ungekwepa kukigonga. Ningeweza kuuliza. Katika miaka thelathini na minne ya upimaji sijawahi kuandika kwenye ramani kwamba nimekosea. Walikuwapo vijana wa kunifutia makosa. Hapa naandika kwa wino: nimekosea.

Njoo mwezi wa likizo. Jiwe la mama yako hujaliona. Ukija na baiskeli, shukia mashariki, polepole. Mimi sitapanda siku hiyo. Nitakusubiri chini, pale ukuta unapoishia na njia zinaporudi kuwa moja.

Apa wako