Mshirika Wangu Anataka Tukajenge Ng'ambo ya Ziwa

Mama Régina, wewe unayesikiliza shida za watu kwa redio, naomba unisaidie kabla sijavunja kitu ambacho sitaweza kukijenga tena. Mimi ni mujengaji wa hapa Kasongo, nafanya kazi pamoja na Katembo, mutu wa Butembo aliyekuja huku kufuata zahabu, akaacha shimo akashika mwiko, na tumejenga shule ya Wamaza, na sasa tuko na shantye, kazi ya kujenga kituo cha afya kule Lusangi, na sikuwahi kumushuku hata siku moja mpaka alipoleta habari ya zabuni ya Tanzania, ng'ambo ya ziwa, eti kuna depo, ghala kubwa ya mahindi, inatafuta wajengaji Kigoma, na kuna bwana mmoja anaitwa Yves atakayetuingiza.

Tangu hapo Katembo akipigiwa simu anatoka inje, anaongea Kinande, lugha ya kwao, nikimuuliza anasema, "Hakuna kitu, yaya," vile mutu anaita kaka yake. Halafu akaniambia anaenda Kabambare kutafuta mbao, nikaona uso yake haisemi mbao, nikapanda moto, pikipiki ya jirani, nikamufuata ile barabara mbaya yote, nikamukuta ameketi na huyo Yves, plani, ramani ya jengo, iko juu ya meza, na waliponiona wakaikunja.

Nikauliza, "Mbona munaikunja?" Yves akacheka, akasema tutie sahihi leo leo kwamba kiwanja tumekiona na tumekikubali, juu wengine wanangoja. Nikasema, "Sijafika Kigoma maisha yangu." Akasema, "Udongo ni udongo, papa." Nikakataa, Katembo akasimama mbele ya watu akapaza sauti: "Sema tu unanizania mwizi juu mimi si wa hapa!" Hajarudi Lusangi mpaka leo, wafanyakazi wanakaa bure, bibi yangu wa ndoa, Feza, anasema nitie sahihi nisipoteze rafiki, na mimi kila sauti ya simu sasa naisikia kama njama. Nitie sahihi, ao tuachane?

Ayoubu, Kasongo

Baba Ayoubu, pole. Rafiki kukunja karatasi mbele ya macho yako, hiyo inauma. Lakini wewe nawe! Unamufuata mutu muzima kwa moto mpaka Kabambare kama bwana mwenye wivu, halafu Yves, ambaye haumujui kwao wala kazi yake, unamuuliza swali moja tu. Kushuku si kosa. Kosa ni kwamba Katembo umemuchunguza mpaka lugha ya mama yake, na kazi yenyewe haujaichunguza.

Habari ya sahihi imeisha: kuandika kwamba umeona kiwanja ambacho haujakiona ni uongo wenye jina lako chini. Usitie. Mama Feza anisamehe, rafiki hatunzwi namna hiyo.

Sasa mutafute Katembo. Umuombe radhi kwa kumufuata, si kwa kukataa. Kisha mukae wawili, bila Yves, na kabla ya kuongea faida mukubaliane ni jibu gani litawafanya muache, maana mukishaipenda kazi kila jibu litaonekana zuri. Mwenye depo ni nani, na mumemusikia kwa masikio yenu? Mumoja wenu anaweza kuvuka, akanyage kile kiwanja, achimbe aone? Serikali ya kule inaruhusu wajengaji wa huku? Mukigombana na mwenye kazi, mutamushitaki wapi? Na Lusangi ataimaliza nani? Jibu moja likikosa, muache, hata kama moyo wa Katembo unaruka. Yote yakijibiwa sawasawa, muende, na wewe usitafute kisingizio kingine.

Yves akirudi na "leo leo" yake, mumwambie leo leo ni hapana.

Mwisho, umuulize Katembo uso kwa uso kwa nini alikunja ile plani. Pengine aliona haya, juu alijua utauliza kile ambacho yeye mwenyewe aliogopa kuuliza. Akikataa kuketi nawe, hapo utakuwa na sababu ya kumushuku. Leo hauna.