Nilivyoulizwa Maoni Yangu Makambako

Dada Eliza mpendwa,

Kamwene sana. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma hata ukikaa karibu na jiko. Tangu Njombe namfasiria mtaalamu mmoja Mwingereza anayeandika juu ya siasa za dunia. Jana hapa Makambako alizungumza na watu kwenye mgahawa, huku tukila viazi vya kuchoma. Alieleza vizuri vita vya Suezi na jinsi Ghana ilivyopata uhuru. Kisha akasema Tanganyika ingoje kwanza, labda mpaka wajukuu wetu wakue. Nikafasiri kama alivyosema.

Mama aliyekuwa akituchomea viazi hakumtazama mzungu. Alinitazama mimi. "Na wewe, mwalimu, unasemaje?"

Unajua, Dada, sisi walimu wa serikali tumekatazwa siasa. Nikaweka kikombe chini, nikasema, "Mimi naona tusingoje." Halafu nikageuka nikamfasiria mgeni maneno yangu mwenyewe.

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama ayaandike bila kunitaja, nisije nikapata matatizo. Nikamwambia aandike, na jina langu aliweke.

Ukisikia nimehamishwa au nimeachishwa kazi, mtulize Mama. Mwambie niliulizwa, nikajibu kwa adabu. Nawakumbuka wote hapo Bulongwa, na wewe kuliko wote. Jifunike vizuri, kifua kisikusumbue tena.

Mdogo wako,
Yohana