Sumaku Itaelea

Jumatatu, 3 Machi

Lodwar. Tanuri limewashwa tangu alfajiri. Humu maabarani hamkaliki, na nje ni vilevile. Nimekunywa chai ya rangi, nimesaga unga, nimesaga tena. Mkono wa kulia umekufa ganzi.

Itriamu, bariamu, shaba. Unga wa kijivu, unaotakiwa kutoka motoni ukiwa kidonge cheusi tii. Ukipoza kidonge hicho vya kutosha, umeme utapita ndani yake bila kupotea hata chembe, na sumaku itaelea juu yake hewani. Supakondakta. Miaka yote nimeifundisha kambini Kakuma kwa chaki. Sijawahi kuishika mkononi.

Mkuu wa chuo alipita. Alisimama mlangoni, leso puani. Akasema nyaya zinanunuliwa, Madam, hazipikwi. Atakuja Ijumaa asubuhi kuona. Sumaku ikielea, ataandika barua niongezewe kibali cha kukaa hapa, tutengeneze waya wenyewe. Isipoelea, Jumamosi kibali changu kinaisha, narudi kambini, na tanuri wanapewa watu wa ufinyanzi. Akaongeza kwamba sisi watu wa Kongo tungeanza na mambo madogo madogo.

Nikarudi kusaga. Itaelea. Atajua hajui.

Jumanne, 4 Machi

Kijani.

Kidonge kimetoka kijani kama ukoga. Kijani maana yake hakipitishi umeme, hata ukikizika kwenye barafu. Nililia. Halafu nikakasirika kwa sababu ya kulia.

Nikakagua kikombe cha kuchomea. Ndani kulikuwa na weusi kwenye kuta. Nikamuuliza Nakiru, fundi wa maabara, msichana wa Lokiriama ambaye ndiye msaidizi wangu pekee. Hakuficha. Kabla hatujaweka unga alikisugua kwa kaa la moto, kama mama yake anavyofanya kwa vibuyu vya maziwa, maziwa yasiharibike.

"Mwalimu Zawadi, mimi nilitaka kitu yetu ikae safi kabisa."

Safi kwa maziwa. Kwa unga huu, mkaa na majivu ni sumu. Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Nikakumbuka kwamba katika jengo hili lote hakuna mwingine anayekiita "kitu yetu". Nikaufunga. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia.

Kuna kikombe kingine. Unga uliobaki unatosha kidonge kimoja tu. Tunasaga upya.

Jumatano, 5 Machi

Tanuri. Umeme ulikatika mchana, ukarudi. Nilitukana kwa Kifaransa, lugha inayofaa kwa kazi hiyo.

Kidonge lazima kipoe polepole huku kikivuta oksijeni. Chuo hakina oksijeni. Nakiru alikwenda Kanamkemer kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akarudi na mtungi kwenye mkokoteni. Fundi mwenyewe amekuja nyuma yake. Anasema hawezi kuwaachia walimu mtungi wake. Amekaa kwenye ndoo, anatulinda. Afadhali. Tumekuwa watatu.

Alhamisi, 6 Machi

Cheusi. Cheusi tii! Nimekitazama kwenye jua, nimekitazama kivulini. Hakuna kijani hata doa. Nimembusu Nakiru kwenye paji la uso, na fundi amerudi nyuma hatua mbili asije akafuata yeye.

Limebaki suala la baridi. Naitrojeni ya maji, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, Lodwar nzima najua iko sehemu moja tu: ofisi ya mifugo, ndani ya mtungi ambamo Ewoi, afisa wa mifugo, anahifadhi mbegu za madume ya kupandishia ng'ombe. Nilikwenda kuomba. Ewoi ni mtu mpole lakini alikunja uso. Mtungi ukipungua kabla lori la kuujaza halijafika, mbegu zitakufa zote, na wafugaji wa Namoruputh watamtafuta yeye, hawatanitafuta mimi. Ana haki. Nikaendelea kuomba.

"Ejok, sawa, Mwalimu. Nitakupa kesho, thermos moja tu. Ukirudi tena utapata nimejificha."

Naogopa. Nimekula ugali nusu sahani, basi. Lakini sijutii kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu hakuja asubuhi. Yuko mkutanoni, karani akasema. Atafika. Tukasubiri. Naitrojeni haisubiri. Thermos ilikuwa ikifuka moshi mweupe mdomoni (huwezi kuibana kifuniko, italipuka), na kila nikichungulia, imepungua.

Nikamtuma Nakiru ofisini tena. Mkuu bado. Nikamwambia awashe kamera ya simu. Nikamimina.

Ikachemka, ikapiga kelele, ikatulia. Nikaweka sumaku kwa koleo la mbao. Nikaondoa koleo. Ikabaki juu! Haigusi chochote. Nakiru akapitisha kipande cha karatasi chini yake, kikatokea upande wa pili. Fundi akafanya ishara ya msalaba. Nilisema kwa sauti, kwa mtu ambaye hakuwepo: ona sasa.

Alifika baada ya chakula cha mchana. Kidonge kilikuwa na joto la chumba na sumaku imelala juu yake kama kifungo. Akasema turudie. Hakuna cha kurudia nacho. Nakiru akamwonyesha video. Akaitazama mpaka mwisho. Akasema siku hizi video zinatengenezwa.

Hakuna barua.

Namchukia. Naandika hivyo bila aibu. Kesho huenda nikapunguza.

Jumamosi, 8 Machi

Sijapunguza.

Basi la Kakuma. Kidonge kiko ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya soksi, kifuani. Tanuri ni lao, chumba ni chao, kibali kimekwisha. Kidonge ni changu na cha Nakiru. Kwenye kizuizi askari alitoa soksi, akakigeuzageuza, akauliza ni nini. Nikasema jiwe. Akanirudishia.

Siombi tena kwa yule mtu. Itaelea hapa, mbele ya wanafunzi wangu. Sijui vipi. Itaelea.

Alhamisi, 20 Machi

Kipindi cha mwisho. Vumbi lilikuwa kali, tumefunga madirisha. Mlango ukasukumwa. Nakiru, kope nyeupe kwa vumbi, thermos mikononi inafuka. Ameipakata kwenye basi kutoka Lodwar, na abiria wote wakahamia nyuma. Lori lilifika juzi, mtungi wa Ewoi umejaa, na Ewoi mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

"Mwalimu, wewe umekatazwa kuja. Hii hawajaikataza."

Nikatoa soksi mezani, nikaweka sumaku juu ya kidonge. Nikamimina. Sumaku ikapanda, ikakaa hewani juu ya meza yetu yenye mguu mbovu. Darasa zima likasogea karibu. Msichana mmoja Mrundi aliuliza kama anaweza kuigusa. Aliisukuma kwa ncha ya kidole, ikazunguka. Tuliiacha izunguke mpaka baridi ilipokwisha, ikatua yenyewe.

Wanafunzi wametoka. Nakiru amepata chai, amevua viatu. Amefungua mkoba wake, akaniwekea mapajani kile kikombe cha kuchomea kilichokuwa na weusi. Nimekigeuza kwenye mwanga. Cheupe kabisa ndani.

Amekiosha kwa maji matupu.