Namba ya mlango niliyowapa wamama wote

Mlango wangu hautumii tena ufunguo, Shangazi Apondi, unabonyeza namba nne unafunguka wenyewe, na aliyekiweka mlangoni kitasa hicho cha namba ni kijana wangu Elkana, anayesoma umeme chuo cha ufundi hapa Campbelltown, ugenini! Sasa ndiyo nikusalimie, mpendwa mshauri. Mimi ni Mama Elkana, Mrundi, nahudumia wazee kwenye makao yao ya kutunzwa, na naomba msaada kwa sababu mlango huo huo unaniua kwa hofu.

Tulikiweka Julai hii ya 2021, lokdauni ya korona ilipoanza, kwa ajili ya mama yangu mzazi, Bibi Léocadie, miaka sabini na nane, ana sukari na kifua, hawezi kuinuka haraka kumfungulia nesi anayekuja kumwangalia. Bon, siku kilipofanya kazi nilifurahi mno, nikawarekodia ujumbe wa sauti wamama wa kikundi chetu cha maombi, wote thelathini na mmoja, nikasema mtakuja muone akili za mwanangu, hata nisipokuwepo bonyezeni tu [namba imefutwa – Shangazi], ni tarehe niliyomzaa. Mimi nilimaanisha lokdauni ikiisha, lakini sikusema. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania tulipiga hodi tukiwa tumeshaingia, nani angemfungia mwenzake nje?

Kumbe wanakuja kweli. Mlango ukifunguka simu yangu inalia, na mimi niko kazini nimevaa glavu namlisha mzee wa watu, siwezi kuondoka. Jumanne ililia mara tatu. Nilipofika nyumbani nikauliza, "Mama, nani alikuja?"

"Watu wa Mungu. Wameniletea lengalenga, mchicha wa kwetu, wakaniombea."

"Ni akina nani?"

"Wote wamefunika midomo, nimjue nani? Mmoja alikuwa anakohoa, maskini, nikamwambia ajimiminie chai."

Jana Généreuse wa kikundi chetu ameandika kwamba nyumba yake yote wana korona. Nikamuuliza, dada, Jumanne ulifika kwangu? Amesoma, hajibu. Leo asubuhi mama amekataa uji. Kubadilisha namba naogopa, watasema Mama Elkana amepata mlango wa kizungu sasa anatufungia, na ndio hao walionizikia mume. Kazini nikisema watanirudisha nyumbani bila mshahara. Nifanye nini, Shangazi, na kesho nina shifti?

Mama Elkana,

Jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla ya kuliweka hapa, maana uji uliokataliwa hausubiri gazeti. Sifa za kijana nimezipokea, sasa kaa chini.

Namba yako nimeifuta. Dada yangu, umeniandikia hata mimi nisiyekujua! Furaha ya mzazi naielewa, ninao wangu wawili na nawasifu mpaka wanajificha, lakini wewe umesifu mpaka ukagawa nyumba. Na usimwonee Généreuse. Kama alikuja, hakuvunja mlango. Ulimwita kwa sauti yako. Huenda hajibu kwa sababu anaogopa kama wewe.

Mpigie daktari wa Bibi sasa hivi. Akianza kuhema, usiulize mtu, piga sifuri tatu za dharura, ambulansi ije. Mpimwe nyote watatu leo. Kesho huendi kazini, na usifikirie mara mbili: hao unaowalisha ni mama za watu. Mwambie msimamizi ukweli wote, akikurudisha nyumbani, rudi.

Elkana abadilishe namba leo hii, na isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Aijue yeye, wewe na nesi, basi.

Kisha rekodi tena, wote thelathini na mmoja wasikie kama walivyosikia majigambo. Sema: "Niliwaita vibaya. Mama anaumwa, namba nimeibadilisha, msije. Aliyefika Jumanne aniambie, akapimwe, sitagombana naye." Atakayenuna anune akiwa hai. Waliokuzikia mume watakuelewa kuliko unavyodhani, ila usiwaache mikono mitupu, wana mgonjwa wa kuombea. Wakutane kwenye simu, Généreuse naye huko alikojifungia, simu iwekwe karibu na mto wa Bibi, awasikie. Waambie wote waje hapo kwenye simu, si mlangoni, Jumapili hii, saa tisa alasiri.