Ndizi Zangu za Jioni

Kayanga, Alhamisi

Tangu Jumatatu nimepoteza sahani yangu ya ndizi ya jioni. Siku hiyo, kwenye kliniki ya kisukari, muuguzi aliniuliza, "Mzee, kwa siku unakula chakula mara ngapi?" Nikajibu mara mbili. Kwetu chakula ni ndizi za kupika tu, vingine havihesabiwi. Chapati tatu za asubuhi na wali wa mchana ninaoletewa dukani kwangu sikuvihesabu. Akasema niache chakula cha jioni.

Leo nimepima, sukari imepanda kutoka kumi hadi kumi na mbili. Mke wangu kacheka: "Baba Koku, chapati ulidhani ni dawa?"

Kosa ni langu. Lakini adhabu wamezipa ndizi. Na miguu inawaka moto, naogopa.

Kesho narudi kliniki; kabla ya saa nne muuguzi anijibu moja kwa moja: nikiacha chapati na wali, ndizi zangu zinarudi au hazirudi?